PTO Ikigoma: Fuata Nyayo za Nguvu Kabla ya Kufungua Trekta

Mazungumzo na wafugaji kwenye kisima cha kunyweshea mifugo

Najua kila mmoja wenu ameacha ng'ombe na mtoto mahali fulani, kwa hiyo sitawaweka hadi jua lizame.

Leo sizungumzii chanjo wala dawa ya kupe. Nazungumzia kipande cha chuma. Ukisimama nyuma ya trekta, katikati, utaona shafti fupi inayotokeza, yenye meno marefu pembeni. Hiyo ndiyo PTO. Kazi yake ni kuchukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye mashine nyingine: pampu ya maji, mashine ya kukata nyasi, mashine ya kufunga marobota, mashine ya kukatakata majani, au kinu. Trekta linaweza kuwaka vizuri, likatembea vizuri, na bado PTO ikagoma. Hapo unabaki na gari la kupanda tu.

Sasa tufanye hesabu ya kifugaji. Ng'ombe mzima katika jua la kiangazi anaweza kuhitaji maji lita 30 hadi 50 kwa siku. Tuseme lita 40. Kikundi chenye ng'ombe 200 kinahitaji lita 8,000 kila siku. Hayo ni madumu 400 ya lita 20, na bado hatujahesabu mbuzi, kondoo, punda, ndama na watu. Pampu inayoendeshwa na trekta ikisimama asubuhi, jioni hakuna kamba na ndoo zitakazoziba pengo hilo.

Na si maji peke yake. Wengi wenu sasa mnakata nyasi za alalili mwishoni mwa masika na kuzifunga marobota ya kiangazi, na ndugu zetu Wasukuma hufanya hivyo kwenye ngitili zao. Nyasi zinafaa kukatwa zinapoanza kuchanua. Mashine ikisimama wiki mbili au tatu, nyasi zinakomaa, zinabaki mashina, na lishe imeondoka. Ndiyo maana afisa mifugo amekuja kuzungumzia trekta.

Koko aliyeona

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilipita kwenye kisima cha kikundi kimoja cha wafugaji. Walikuwa na Massey Ferguson 135, trekta la zamani lakini zima. Nilikuta ng'ombe wamejaa kwenye mbauti kavu, wanalia. PTO ilikuwa haizunguki tangu asubuhi. Fundi aliyetoka mjini alikuwa ameshasema klachi imekwisha, trekta litenganishwe katikati, na vifaa vinunuliwe. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa anachagua dume la kuuza. Nanyi mnajua bei ya ng'ombe ilivyo wakati wa ukame.

Pembeni alikuwa amekaa bibi mmoja, wote wanamwita koko. Akamwita kijana dereva.

"Mjukuu wangu, hicho chuma cha nyuma mnasema kimekufa?"

"Ndiyo, koko. Hakizunguki kabisa."

"Mbona asubuhi nilikiona kikizunguka, trekta lilipokuwa linarudi kinyumenyume kuja hapa? Trekta liliposimama, nacho kikasimama."

Niliposikia hivyo nikaenda kuangalia gia ya PTO. Kwenye trekta lile gia hiyo ina mahali patatu: nyutro, upande wa injini, na upande wa magurudumu. Ikiwa upande wa magurudumu, shafti inazunguka pale tu trekta linapotembea, na likirudi nyuma, shafti nayo inazunguka kinyume. Kijana yule alikuwa mgeni kwenye trekta. Alikuwa ameipeleka gia upande wa magurudumu bila kujua. Tukairudisha upande wa injini, na baada ya muda mfupi maji yalikuwa yanatoka. Dume halikuuzwa.

Sisemi mafundi ni wabaya. Wako wengi wazuri, na kuna siku utamhitaji fundi kwelikweli. Ninachosema ni hiki: kabla hujalipa mtu afungue trekta, angalia mwenyewe vile vitu ambavyo havihitaji kufungua. Nitawapitisha hatua kwa hatua.

Kwanza nguo, ndipo spana

Hapa nisikilizeni kwa makini, hasa vijana na akina mama.

PTO ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika. Hiyo ni mara 9 kwa sekunde moja. Shuka yako ikishikwa pembe tu na shafti inayozunguka, mita mbili za kitambaa zinaweza kwisha kwa sekunde moja au mbili, na wewe umo ndani ya kitambaa hicho. Hutakuwa na muda wa kulegeza fundo wala wa kumwita dereva. Nguvu inayovuta pampu au mashine ya marobota haisikii uzito wa mtu.

Kwa hiyo, kwenye PTO hatuvai lubega. Hatuvai kanga iliyolegea, wala kilemba chenye ncha inayoning'inia, wala shanga ndefu za shingoni, wala bangili zinazocheza. Shuka inavuliwa na kuwekwa mbali, na fulana au shati linachomekwa. Watoto wasiwe karibu, na mbwa afungwe.

Sheria nyingine ni hizi:

1. Kabla hujagusa chochote nyuma ya trekta, weka gia zote nyutro, vuta breki ya mkono, zima injini, na ufunguo utie mfukoni mwako wewe unayegusa. Kama trekta lako haliwaki kwa ufunguo, muweke mtu unayemwamini asimame kwenye kiti na asimruhusu yeyote kuwasha.

2. Subiri mpaka kila kitu kisimame. Mashine ya marobota ina gurudumu zito linaloendelea kuzunguka hata baada ya kutoa gia.

3. Usivuke juu ya shafti inayozunguka, hata kama umechoka na njia ya kuzunguka mbele ya trekta ni ndefu.

4. Kifuniko cha plastiki kinachofunika shafti, na kile cha chuma juu ya PTO, visiondolewe. Kama vimevunjika, kuvinunua ni sehemu ya matengenezo.

Njia ya nguvu

Ng'ombe akipotea, hukimbilii porini ovyo. Unatafuta nyayo na kuzifuata. Nguvu ya trekta nayo ina nyayo. Inatoka kwenye injini, inapita kwenye klachi, inaingia kwenye giaboksi, inapita mahali ambapo gia ya PTO inaunganisha au kutenganisha, inatokea kwenye shafti fupi ya nyuma, inaingia kwenye propela (ile shafti ndefu yenye jointi mbili), na mwisho inafika kwenye pampu au mashine.

Mahali fulani kwenye njia hiyo nyayo zimepotea. Sisi tutaanzia nyuma kwenda mbele, kwa sababu vitu vya nyuma vinaonekana kwa macho na havina gharama kuviangalia, na vya mbele ndivyo vinavyohitaji kufungua trekta.

Hatua ya 1: Je, ni PTO au ni mashine?

Mtu anasema PTO haizunguki, kumbe inazunguka vizuri na pampu ndiyo imegoma. Zima injini, chomoa propela kwenye PTO na uiweke pembeni kabisa. Rudisha kile kifuniko cha chuma. Watu wote wakae mbele ya trekta. Washa injini, ingiza gia ya PTO, na uangalie kutoka kwenye kiti.

Kama shafti fupi inazunguka, trekta lako halina kosa hapo. Zima, kisha angalia mashine. Jaribu kuzungusha pampu kwa mkono. Ikiwa imekwama, kuna jiwe, kutu au beringi iliyokufa. Kwenye mashine ya kukata nyasi na ya marobota, tafuta bolti ya usalama. Bolti hiyo imetengenezwa ikatike mashine inapokwama, ili giaboksi isivunjike. Ikikatika, shafti ya mbele inazunguka na mashine imelala.

Ukiikuta imekatika, kwanza tafuta kilichoikata: kisiki, waya, au nyasi zilizojisokota. Kisha weka bolti ya aina ileile. Usiweke bolti ngumu zaidi, wala kipande cha nondo, wala msumari. Bolti ngumu haitakatika, na badala yake litakatika jambo ambalo bei yake ni ya ng'ombe.

Hatua ya 2: Propela

Ukiwa umeishika propela mkononi, ikague. Vuta vipande vyake viwili, ambavyo kimoja kinaingia ndani ya kingine. Vinatakiwa viingiane vizuri, angalau theluthi moja ya urefu wa bomba, hata trekta linapokata kona. Kama vinaingiana kidogo tu, siku moja vitaachana na chuma kitapiga huku na huku kama fimbo.

Zungusha kila jointi. Kama ina mchezo mwingi, au inakwama upande mmoja, beringi zake zimekwisha. Angalia meno ya ndani yanayokumbatia PTO. Yakiwa yamelika hadi yanakuwa laini kama ufizi wa ng'ombe mzee, PTO itazunguka ndani yake bila kuvuta chochote. Angalia pia pini ya kufungia: unapoirudisha propela, pini lazima iingie kwenye mfereji wa shafti na uisikie inagonga. Vuta kwa nguvu kuhakikisha. Ikiwa haijaingia, propela itateleza na kutoka yenyewe.

Hatua ya 3: Gia ya PTO iko wapi?

Sasa shafti fupi yenyewe haizunguki. Kabla ya jambo lolote, kumbuka koko. Soma alama zilizoandikwa kwenye chuma karibu na gia ya PTO. Kama zimefutika au zimefunikwa na matope, zisafishe. Hakikisha gia iko upande wa injini, na imeingia hadi mwisho, si nusu.

Kisha sikiliza mkono wako unapoisogeza gia, injini ikiwa imezimwa:

Ikiwa gia inakwenda huku na huku bila uzito wowote, kama fimbo iliyochomekwa kwenye uji, basi haijashika kitu. Angalia pale inapoingia kwenye mwili wa trekta. Huenda pini imekatika, au bolti inayoibana imelegea. Mara nyingi kosa hilo hurekebishwa kwa spana na pini mpya.

Ikiwa gia imekaza na haitaki kuingia, huenda meno yamekutana kichwa kwa kichwa. Injini ikiwa imezimwa, zungusha shafti fupi kidogo kwa mkono, kisha jaribu tena. Usiipige gia kwa nyundo. Ukikunja kidole cha ndani kinachosukuma kiunganishi, umejitafutia kazi kubwa.

Hatua ya 4: Jaribio la mkono

Jaribio hili ni zuri kwa sababu linafanyika injini ikiwa imezimwa, na linakuambia mengi. Propela iwe imechomolewa, breki ya mkono imevutwa, na mtu asikanyage klachi.

Weka gia ya PTO nyutro na uzungushe shafti fupi kwa mkono. Inatakiwa izunguke, hata kama ni kwa uzito.

Weka upande wa magurudumu, kama trekta lako lina upande huo. Shafti inatakiwa ishike, isizunguke ila kwa mchezo mdogo tu, kwa sababu sasa imeungana na magurudumu yaliyosimama.

Weka upande wa injini. Inatakiwa ishike tena, kwa sababu imeungana na injini.

Sasa soma nyayo. Ikiwa shafti inazunguka kwa urahisi popote unapoweka gia, basi kiunganishi cha ndani hakifuati gia, au shafti yenyewe imekatika. Kosa liko nyuma. Ikiwa inashika upande wa magurudumu lakini inazunguka kwa urahisi upande wa injini, kiunganishi ni kizima na nguvu imekatikia mbele zaidi, kwenye shafti ya ndani au kwenye klachi. Ikiwa inashika pande zote mbili, lakini injini ikiwaka haizunguki au inazunguka kwa unyonge, klachi inateleza. Klachi iliyochoka inaweza kuushinda mkono wako na bado ikashindwa na pampu.

Hatua ya 5: Pedali ya klachi

Matrekta mengi ya zamani, Massey Ferguson 35 na 135 yakiwemo, yana klachi ya ngazi mbili. Ukikanyaga pedali nusu, trekta linaacha kutembea lakini PTO inaendelea. Ukikanyaga hadi chini kabisa, PTO nayo inasimama. Si matrekta yote yana klachi hii. Mengine yana ya ngazi moja tu, na hapo kila ukikanyaga, vyote vinasimama pamoja.

Dereva asiyejua ngazi mbili anakanyaga nusu, anavuta gia ya PTO, meno yanalia, na anasema gia ni mbovu. Njia sahihi ni hii: punguza mafuta, injini iwe taratibu. Kanyaga pedali hadi chini kabisa. Subiri, hesabu polepole mpaka vitu vya ndani visimame. Ingiza gia. Kisha achia pedali pole pole, na ukishaona shafti inazunguka ndipo uongeze mafuta mpaka kwenye alama ya 540, kama saa ya trekta lako ina alama hiyo.

Kama umekanyaga hadi chini, umesubiri, na meno bado yanalia, basi klachi haiachii vizuri. Pedali inaweza kuwa na mchezo mwingi kupita kiasi, na fundi anaweza kuirekebisha kutoka nje. Na kama pedali haina mchezo wowote juu, klachi inakuwa kama imekanyagwa kidogo siku nzima. Itateleza, itanuka, na sahani zake zitaungua. Kadiri sahani zinavyolika, mchezo wa pedali hupungua, kwa hiyo pedali ya trekta la zamani inahitaji kupimwa mara kwa mara. Kipimo chake kimo kwenye kitabu cha trekta. Na dereva mwenye tabia ya kupumzisha mguu juu ya pedali, mwambieni leo aache.

Hatua ya 6: Uliza mikono ya kunyanyulia

Kwenye matrekta kama Massey Ferguson 35 na 135, pampu ya haidroliki inayonyanyua mikono ya nyuma inaendeshwa na shafti ileile ya ndani inayopeleka nguvu kwenye PTO, na pampu hiyo iko mbele ya kiunganishi cha gia ya PTO. Hii ni bahati yako, maana mikono inaweza kutoa ushahidi.

Watu wakae mbali. Washa injini, weka gia ya PTO upande wa injini, kisha nyanyua mikono.

Mikono ikipanda vizuri na PTO haizunguki, nguvu imefika kwenye pampu. Maana yake klachi ya PTO inafanya kazi, na kosa liko nyuma ya pampu: gia, kidole chake, kiunganishi au shafti ya nyuma. Kwenye kisima cha koko, mikono ilikuwa inapanda bila shida. Hapo peke yake palitosha kumuuliza fundi: "Kama klachi imekwisha, hii mikono inapandishwa na nini?"

Mikono isipopanda, na PTO isipozunguka, vyote vimekosa nguvu kwa pamoja. Hapo kosa huenda liko mbele: sahani ya klachi ya PTO, au shafti na gia zinazoitoa nguvu kwenye giaboksi. Kwanza pima oili, maana mikono inaweza kugoma kwa sababu ya oili tu.

Angalizo: kwenye matrekta mengine pampu ya haidroliki inaendeshwa moja kwa moja na injini, na huko mikono haitakuambia lolote kuhusu PTO. Muulize fundi au soma kitabu cha trekta lako.

Hatua ya 7: Inazunguka tupu, inakufa ikibebeshwa

Hili ni kosa jingine. PTO inazunguka vizuri bila mashine. Ukiunganisha pampu, inazunguka kidogo, inapungua, inasimama, huku injini inaendelea kunguruma bila kuzidiwa. Huenda ukasikia harufu ya kuungua. Hiyo ni klachi inayoteleza. Rekebisha mchezo wa pedali kwanza. Ikiendelea, usiilazimishe. Kila dakika unayoilazimisha inaongeza gharama, maana joto linaharibu hata vyuma ambavyo vingeweza kutumika tena.

Lakini kama injini yenyewe ndiyo inazidiwa, inatoa moshi mweusi na kuzimika, klachi imeshika. Kosa ni mashine iliyokwama au mzigo mkubwa kuliko trekta.

Na kama trekta lako si la zamani sana, PTO yake inaweza kuwa inashikwa na oili badala ya pedali, au kwa swichi ya umeme. Hapo pima oili, uliza lini chujio lilibadilishwa, angalia fyuzi, na angalia nyaya kama zimeliwa na panya au zimekatwa na miti. Ikiwa lina swichi ya usalama chini ya kiti, usiifunge kwa waya ili kuikwepa.

Siku ya kumwita fundi

Ukifika hapa na PTO bado imegoma, mwite fundi. Kutenganisha trekta katikati ni kazi ya watu wenye vifaa vya kulibeba, mahali pagumu na safi, si juu ya mawe matatu upepo ukipuliza vumbi ndani ya giaboksi. Watu wameangukiwa na matrekta yaliyobebwa kwa jeki moja.

Lakini sasa hutamwambia tu "trekta ni bovu". Kwenye simu utamwambia hivi: ni trekta la aina gani na namba gani, PTO haizunguki kabisa, au inazunguka tupu tu, ilianza ghafla kwa mlio, au pole pole, gia inaingia au inalia, jaribio la mkono lilisema nini, mikono inapanda au haipandi. Fundi mzuri atafurahi, na atakuja na vifaa sahihi mara ya kwanza. Anayetaka kukudanganya atajua kwamba unaona.

Mkubaliane bei kabla bolti ya kwanza haijafunguliwa, na iandikwe. Mwambie vyuma vya zamani vibaki kwako. Oili ikimwagwa, iangalie: ikiwa nyeupe kama maziwa, kuna maji ndani, ikiwa na vipande vya chuma, kuna kitu kimevunjika. Na kama trekta limetenganishwa kwa ajili ya klachi, ni busara kukagua kila kilicho ndani siku hiyohiyo, kwa sababu kazi ya kutenganisha utailipa tena ukirudi.

Wakati unasubiri, mifugo isisubiri. Kikundi kiamue mapema, kabla ya kiangazi: pampu ikifa, ndama, wenye mimba na wanaonyonyesha wanakunywa wapi, na wale wenye nguvu wanaswagwa kwenda kisima gani, kwa makubaliano na wenyeji wa huko. Mazungumzo hayo yakifanyika ng'ombe wakiwa na kiu, huleta ugomvi.

Wazee na mama zangu, nimemaliza. Nendeni na mambo haya machache:

• Vua shuka, zima injini, ufunguo mfukoni, ndipo uguse.
• Chomoa propela uone kama kosa ni la mashine au la trekta.
• Soma alama za gia ya PTO. Upande wa magurudumu si upande wa injini.
• Fanya jaribio la mkono, kisha uliza mikono ya kunyanyulia.
• Kanyaga pedali hadi chini, subiri, ndipo uingize gia.
• Bolti ya usalama ibaki ya aina ileile.
• Grisi kwenye jointi za propela na kipimo cha oili ni kazi za kabla ya msimu, si za siku ya kiu.

Sasa trekta liko pale chini ya mgunga, limezimwa, na ufunguo ninao mimi. Vijana, wekeni mashuka yenu pale kwenye kivuli, mje mmoja mmoja mfanye jaribio la mkono. Mama, nawe karibu. Macho yako tunayahitaji.